Reli ndogo ya kushanti nyumbani: kata moduli pale kazi inapobadilika

Watu wengi wakisikia reli ya modeli wanawaza duara tu, treni inazunguka meza, inarudi palepale, inazunguka tena. Kwa sisi tunaoishi nyumba za kupanga, chumba na sebule, iwe Kampala, Jinja au Tororo, mimi nashauri duara liachwe kabisa. Kwa skeli ya HO, yaani 1:87, kona ya kawaida inataka nusu kipenyo cha kama sentimita 45, sasa ukiweka kona mbili na nafasi ya pembeni umeshamaliza karibu mita nzima ya upana na hapo hata stesheni hujaweka. Reli ya kushanti haizunguki. Ni injini moja, mabehewa machache, na kazi ya kuyapanga, hili litoke huku, lile liingie kule, lingine lirudi nyuma kwanza ndo nafasi ipatikane. Inakaa kwenye rafu ya sentimita 30 ukutani na inakushika jioni nzima.

Na hapa Uganda kushanti kuna historia yake. Reli yetu ina upana wa mita moja, ilivuka Nile pale Jinja na kufika Kampala mwaka 1931, ikasogezwa hadi Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya mgodi wa Kilembe, na kule bandari ya Port Bell, karibu na Kampala, mabehewa yalikuwa yanasukumwa mpaka ndani ya feri zenye reli sakafuni, Kaawa, Pamba na Kabalega, yanavushwa Ziwa Victoria. Mzigo wa kahawa, pamba, saruji, wote ulihitaji watu wa kuyapanga mabehewa kabla ya safari, na hiyo kazi ndo tunaiga.

Mchoro ninaoupenda kuliko yote unaitwa Inglenook Sidings, aliubuni Mwingereza Alan Wright. Ni saidingi tatu tu, yaani reli za pembeni za kuegesha mabehewa, moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu matatu, halafu upande wa pili kuna kipande cha reli cha kuvutia nyuma, tuite hedishanti, kinachotosha injini na mabehewa matatu, sio zaidi. Unaweka mabehewa manane, unaandika kila moja kwenye kadi, unachanganya kadi, unavuta tano, na treni yako lazima isimame kwenye saidingi ndefu kwa mpangilio uleule wa kadi. Mipangilio inayowezekana ni 6,720 na yote inatatulika, mradi uheshimu vipimo vya tano, tatu, tatu na hedishanti ya tatu. Kuna mchoro mwingine maarufu, Timesaver wa John Allen wa Marekani, wa mwaka 1972, una pointi tano, yaani mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili, na watu wanaupenda sana kwa mashindano, lakini kwa mtu anayeanza nyumbani mimi siupendekezi, waya ni nyingi na haufanani na mahali popote ulipowahi kupaona.

Sasa vipimo, na hapa naomba usome polepole maana kila kitu kinatoka hapa. Kipimo chako cha kwanza ni behewa, chumba kinafuata. Chukua behewa lako refu zaidi, pima kutoka kapling'i, yaani ndoano ya kuunganisha mabehewa, hadi kapling'i ya upande wa pili. Langu ni sentimita 15, injini ni 18. Hedishanti ni injini na mabehewa matatu, 18 na 45, jumla 63, fanya 65. Pointi fupi ya kampuni ya Peco, aina ya Streamline, ina urefu wa sentimita 18.5, unahitaji mbili zikifuatana, 37. Mbele ya pointi ya mwisho acha kama sentimita 10 za usalama kwa sababu reli mbili zikiwa bado zinaachana, behewa likisimama pale litakwaruzwa na linalopita jirani. Kisha saidingi ndefu, mabehewa matano, 75. Ongeza sentimita 3 za kizuizi cha mwisho. Jumla ni 190.

Hapo ndipo karibu kila mtu anasema sawa, 190, gawa kwa mbili, moduli mbili za 95, yaani vipande viwili vya meza vinavyofungwa pamoja kwa boliti. Simama kwanza! Hesabu tena kutoka mwanzo: hedishanti inaishia 65, pointi ya kwanza inaishia 83.5, ya pili inaishia 102. Ukikata kwenye 95 umekata katikati ya pointi ya pili, na pointi haiwezi kuishi juu ya mbao mbili tofauti, ulimi wake, yaani ile reli inayosogea, hautalala vizuri na mabehewa yataanguka palepale kila siku. Kwa hiyo moduli ya kwanza iwe sentimita 105, ya pili 85. Ya kwanza inabeba hedishanti na pointi zote, swichi zote, waya karibu zote. Ya pili ni reli tatu zilizonyooka tu, ghala la kahawa kwa nyuma, basi. Ukichoka na kahawa unajenga nyingine ya 85 yenye kiwanda cha saruji, unafungua boliti, unabadilisha, na ubongo wa reli haujaguswa. Moduli ikatwe pale kazi inapobadilika, mbao itafuata.

Mbao yenyewe haisumbui. Plaiwudi ya milimita 12 ya futi 8 kwa 4, nusu yake inatosha, juu pamoja na fremu ya pembeni ya sentimita 10. Pale Ndeeba, kwa wauza mbao wa Kampala, mwambie fundi akukatie kwa mashine ili pembe ziwe sawa, lakini kabla ya kufunga chochote paka vanishi pande zote mbili pamoja na kingo, maana unyevu wa ziwa hauchagui na plaiwudi iliyopakwa upande mmoja inapinda. Miguu fanya ya chuma kama nyumba ina mchwa. Urefu kutoka sakafuni mimi naweka sentimita 120, unafanya kazi umesimama na macho yako yako karibu na reli.

Kuhusu upana wa reli, kuna wanaotaka usahihi. Reli ya milimita 16.5 kwenye HO ni reli ya kipimo cha kawaida cha kimataifa (mita 1.435), yetu ya mita moja ingekuwa kama milimita 12. Reli za 12 zipo lakini vifaa vyake ni ghali na vichache, mimi natumia 16.5 na sioni aibu.

Kiungo cha moduli ndo mahali pa kutumia akili zako zote. Zile mbao mbili za mwisho zitakazogusana, zibane pamoja kwa klampu kabla hazijafungwa kwenye fremu, halafu toboa matundu yote kwa drili mara moja, yapite zote mbili, mawili ya pini za chuma za kupanga na mawili ya boliti. Ukitoboa moja moja hayatakutana. Kwenye ukingo, chini ya kila reli, funga skrubu ya shaba ya manjano, zungusha mpaka kichwa chake kiguse reli kutoka chini bila kuisukuma juu, pasha moto, lehemu reli ipate kushikana na kichwa cha skrubu. Reli iwe bado nzima imepita juu ya kiungo. Moduli zikishakazwa kwa boliti na lehemu imepoa, ndo unakata reli zote kwa msumeno mwembamba juu ya mstari wa kiungo. Mkato mmoja, pande mbili, haiwezekani zisilingane.

Umeme sasa. Injini za HO zinatumia 12V, moja ya kisasa haifiki nusu ampea ikiwa kazini, kwa hiyo betri ndogo ya sola ya 12V na kontrola ya kupunguza mwendo inakutosha hata umeme wa nyumba ukikatika. Ila betri ikipata shoti inatoa ampea nyingi sana kwa sekunde, waya zinaungua, weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri, hii usijadiliane nayo. Kila kipande cha reli kipate waya wake kutoka chini, viungio vya kuchomeka vinalegea na vumbi linaingia. Na kwenye pointi tafuta zile ambazo frogi yake, yaani pale reli zinapokatizana, ni ya chuma na inapata umeme kupitia swichi inayogeuka pamoja na pointi. Injini ya kushanti ni fupi na inatembea polepole sana, ikikuta plastiki isiyo na umeme inazimika juu yake na utaanza kuisukuma kwa kidole, raha yote imeisha.

Uzito wa mabehewa pia, watu wanausahau. Behewa la sentimita 15 linataka kama gramu 110. Likiwa jepesi linaruka reli ukilisukuma kinyumenyume, na kushanti ni kusukuma. Nati za chuma zikigandishwa ndani kwa gundi zinatosha. Kapling'i mimi natumia za kampuni ya Kadee, na kuziachanisha nachukua kijiti cha mshikaki, nakichomeka kati ya mabehewa mawili, nazungusha kidogo, yanaachana bila kuinua chochote.

Usipake rangi wala kumwaga kokoto mpaka umecheza hiyo michezo ya kadi ya kutosha na hakuna behewa linaloanguka. Baada ya gundi ya kokoto kukauka kusogeza reli ni kubomoa.

Kitu kimoja kwa wale ambao najua wataniuliza Port Bell, na mimi nawaunga mkono kwa moyo wote. Moduli ya pili inaweza kuwa gati na feri, sakafu ya feri ikawa ubao wenye reli tatu unaoutoa na kuweka mwingine wenye mabehewa mapya. Kwenye feri za treni mara nyingi injini yenyewe haipandi daraja la kuingilia kwa sababu ya uzito, inaweka behewa tupu mbele yake na kusukumia kwalo. Behewa hilo tupu linakula nafasi kwenye hedishanti, sentimita 65 zako zitabeba mawili tu ya mzigo na mchezo unaharibika. Kwa hiyo kama feri iko kwenye ndoto zako, hedishanti iwe 80 na moduli ya kwanza iwe 120 tangu siku unayokata mbao, upana wa plaiwudi ni 122 na unakuruhusu.