Chapa ya Duka Si Bandia: Pima Spana Kabla ya Kulipa

Malalamiko kuhusu vifaa vya makanika yameongezeka kwenye dawati letu, na mengi huja na neno moja tu: bandia. Tukifungua mfuko tunakuta spana iliyopigwa jina la duka lile lile lililoiuza. Hiyo si bandia. Bandia ni bidhaa inayovaa jina la mwingine bila ruhusa yake. Duka lililoagiza spana kiwandani na kuzipiga jina lake limetumia mali yake. Spana inaweza kuwa mbovu kabisa na bado isiwe bandia. Tunaomba jambo hili lieleweke, kwa sababu ndilo linaloamua lalamiko lako liende wapi.

Biashara hii ni ya zamani. Kule Marekani, Sears iliisajili chapa ya Craftsman mwaka 1927, na leo Home Depot inauza Husky, Lowe's inauza Kobalt, Harbor Freight inauza Pittsburgh. Vifaa hivi hufika Kenya ndani ya mizigo ya jamaa walio ughaibuni, vikisifiwa kwa dhamana ya maisha. Dhamana hiyo hutimizwa na maduka ya huko. Ikivunjika Nairobi, hesabu kwamba huna dhamana. Jambo la pili ni kwamba mwenye chapa anaweza kubadilisha kiwanda kati ya shehena moja na nyingine. Kwa hiyo boksi alilonunua fundi mwenzako miaka mitatu iliyopita halithibitishi boksi lililo mbele yako leo.

Maneno "Chrome Vanadium" (aina ya chuma cha pua kilichochanganywa kromu na vanadi) yaliyochongwa ubavuni si cheti. Ni maandishi, na yeyote mwenye muhuri wa chuma anaweza kuyapiga. Hata kama chuma ni hicho kweli, ubora hutokana zaidi na jinsi kilivyopashwa moto, kikazimwa kwa kupozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kupunguza ukavu wake, yaani kuvunjika bila kupinda. Hatua hiyo ya mwisho ikirukwa, soketi (kikombe cha spana kinachovikwa juu ya nati) hupasuka kama kigae. Ugumu ukiwa mdogo, mdomo wa spana hufunguka na kula pembe za nati. Ndiyo maana tunakuomba uhifadhi kipande kilichovunjika: mdomo uliopanuka unaonyesha chuma laini, na mvunjiko mkavu usio na dalili ya kupinda unaonyesha chuma kilichokauka mno.

Dukani, nenda na bolti mbili mpya, moja ya kichwa cha milimita 10 na nyingine ya 12. Ingiza spana, kisha itikise. Ikizunguka kidogo kabla ya kushika, iache. Inua spana kwenye mwanga uone kama kingo mbili za mdomo zinakwenda sambamba. Tazama soketi kwa mbele: ukuta uwe na unene sawa pande zote, kwa sababu tundu lililochongwa kando huacha upande mwembamba, na hapo ndipo hupasukia. Pitisha macho ndani ya mdomo. Kromu iliyovimba au kuanza kubanduka huwa wembe wa kukata vidole.

Racheti, mpini wenye meno ndani unaozungusha soketi upande mmoja tu, ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Racheti ya meno 24 huhitaji nyuzi 15 za kuzungusha mkono kabla ya kushika jino linalofuata. Ya meno 72 huhitaji nyuzi 5 tu, na ndani ya injini iliyobanana tofauti hiyo ni kazi kufanyika au kutofanyika. Lakini meno mengi ni meno madogo, kwa hiyo meno 72 yaliyochongwa vibaya huruka mapema. Igeuze kwa kidole: irudi nyuma bila kuburuza soketi. Kisha badilisha mwelekeo mara kumi. Ikikwama hata mara moja, weka chini.

Wanunuzi wengi huhesabu vipande. Boksi la vipande 108 linaonekana kubwa, lakini sehemu kubwa ya idadi hiyo ni ncha ndogo za bisibisi. Gari la Kijapani hufunguliwa zaidi kwa soketi za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na 21 kwa nati nyingi za magurudumu. Anza kwa kuhesabu saizi hizo. Chapa ya duka inatosha kwa nyundo, patasi, vipande vya kurefusha soketi na spana kubwa unazozigusa mara chache. Ongeza pesa kwenye soketi za 10, 12 na 14, racheti, bisibisi, spana ya mifereji ya breki na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Toki isiyo na karatasi ya upimaji usiinunue kwa bei yoyote. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaruhusu kosa la asilimia 4 kwa spana nyingi za toki, nazo hupimwa upya kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000.

Kuna malalamiko tusiyoweza kuyasaidia. Mtu akiweka uzito wa kilo 40 kwenye mpini wa sentimita 25, anakaza kwa takriban Nm 100 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), karibu na kiasi cha nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo. Akichomeka bomba la mita moja, nguvu hiyo inafika karibu Nm 400. Racheti ikikatika hapo, si kosa la muuzaji. Vivyo hivyo soketi ya kromu iliyofungwa kwenye mashine ya kugonga: tumia nyeusi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa maana vipande vya kromu huruka machoni. Na mpini mwekundu wa plastiki hauzuii umeme. Tafuta alama ya pembetatu mbili pamoja na "1000 V".

Ukiwa na lalamiko halali, anza na muuzaji, ukiwa na risiti. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) kinakulinda pale bidhaa isipofaa kwa kazi uliyomweleza muuzaji, ukitegemea ujuzi wake. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Ikiwa ni bandia kweli, yaani jina la kampuni nyingine limeigwa, hapo inaingia Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008. Kifungu cha 35 kinatoa kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya kila kipande, au vyote viwili. Kwa anayerudia kosa, kifungo hufika miaka 15 na faini huanzia mara 5.

Leta kifaa kama kilivyo, pamoja na boksi lake, risiti na vipande vyote. Usikichomelee wala kukisaga kwanza: mvunjiko ukishaguswa, hatuwezi tena kuusoma.