Dawa ya mseto: tunayoambiana na yaliyomo kwenye kidonge

Kaa kidogo kwenye benchi la duka la dawa msimu wa mvua, utayasikia yote. Mengi yanahusu dawa ya mseto ya malaria, ALu (artemetha na lumefantrini), pakiti ambayo nyumba nyingi za Tanzania zimewahi kuifungua. Tuanze na hiyo.

"Mimi sitaki kemikali, nataka miti shamba."

Mseto nao umetoka shambani. Nusu yake ilianzia kwenye qinghao, mmea wa Kichina wa ukoo wa pakanga, ile ile chungu ya kwenye Ufunuo. Jani lake lina artemisinini: atomu 15 za kaboni, 22 za haidrojeni, 5 za oksijeni. Kemikali tupu, na mpishi ni mmea wenyewe. Oksijeni mbili kati ya hizo zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na hapo ndipo penye ukali. Kimelea cha malaria hula himoglobini ya damu, mlo unaokiachia chuma tele. Chuma kikigusa kiungo kile, kinakatika, na vipande vyake vinakiunguza kimelea kwa ndani.

"Basi si uchemshe majani unywe?"

Wachina walijaribu. Mwaka 1967 serikali yao ilianzisha mradi wa siri, Mradi 523, kutafuta dawa ya malaria wakati wa vita vya Vietnam. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake mjini Beijing walipekua vitabu vya tiba za kale, wakapima mimea kwa mimea. Qinghao iliwasumbua: leo inafanya kazi, kesho haifui dafu. Jibu lilikuwa kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: chukua konzi moja, loweka, kamua, kunywa. Loweka. Hakuandika chemsha. Tu Youyou akashuku kwamba moto ndio unaoharibu, akageukia kuitoa dawa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, chini ya joto la mwili wa mtu. Oktoba 1971, sampuli namba 191 ikafyeka vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wao kwanza, kuona kama ina madhara. Nobel ilimfikia 2015.

Artemisinini haielewani na maji. Kikombe cha chai ya majani hayo leo kina kiasi hiki, kesho kingine, na dozi pungufu huvizoesha vimelea dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo.

"Maabara wanachakachua tu kitu cha Mungu."

Hapa ndipo ninapobishana na watu sana. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji wala kwenye mafuta. Wanakemia walibadilisha kipembe kimoja cha molekuli, wakapata artemetha inayokubali mafuta. Pale pale wakapachika kipande kingine, ikatoka artesuneti, anayochomwa mgonjwa wa malaria kali aliyepoteza fahamu na hawezi kumeza. Jani peke yake lisingempa sindano hiyo.

"Kwinini ni mwarobaini."

Sio. Uchungu ndio unaotuchanganya. Kwinini hutoka kwenye gome la sinkona, mti wa milima ya Amerika Kusini; Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga mwaka 1820.

"Usimeze na maziwa, yanakata makali."

Kwa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ni kweli: kalsiamu ya maziwa huing'ang'ania, isipenye utumbo. Kwa mseto ni kinyume chake. Lumefantrini, ile nusu ya pili, hupenda mafuta. Ukiimeza tumbo tupu, nyingi itapita bila kuingia kwenye damu. Kikombe cha maziwa hapo ni msaada.

"Homa imeshuka, vilivyobaki naweka akiba."

Nafuu ya siku ya pili ni kazi ya artemetha, inayoua upesi na kuisha mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikisaka vimelea vilivyojificha, lakini lazima iwe ya kutosha: dozi 6 kwa siku 3, vidonge 24 kwa mtu mzima. Klorokwini, dawa yetu ya zamani ya malaria, ilitushinda hivi hivi: vimelea viliizoea. Tanzania iliiacha 2001 ikachukua SP (sulfadoksini na pirimethamini), na 2006 ikabidi ije mseto. Rwanda na Uganda tayari vipo vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini.