Kinachozifanya kampuni zichague sare rafiki kwa mazingira

Koti jeupe la mkata minofu ya sangara hufuliwa karibu kila siku. Likiwa la poliesta, kila likifuliwa huachia vinyuzi vya plastiki visivyoonekana kwa macho, hasa linapokuwa jipya. Maji hayo yasipochujwa, kwa hapa Mwanza mwisho wake ni ziwani. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa Mwanza: samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Si yote ilitoka kwenye nguo, lakini nguo zimo.

Je, hilo ndilo linalozisukuma kampuni kubadili sare? Mara nyingi hapana. Anayeanza kusukuma ni mnunuzi. Wenye viwanda vya samaki hawajasahau mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Soko likifungwa, mashine husimama na watu hurudi nyumbani. Siku hizi wanunuzi wakubwa huuliza mengi zaidi ya ubora wa minofu: maji taka yanakwenda wapi, wafanyakazi wanatunzwaje. Sare ni jibu ambalo mkaguzi analiona kabla hajafungua faili.

Sababu ya pili ni hesabu, na hapa ofisa manunuzi wengi hukosea kwa kutazama bei ya zabuni peke yake. Tuseme sare ya shilingi 20,000 inachakaa kwa miezi sita, na ya shilingi 35,000 inadumu miaka miwili. Kwa miaka hiyo miwili, ile ya bei rahisi imekula shilingi 80,000, na sare tatu zimeshatupwa.

Mfanyakazi naye ana lake. Pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa. Joto la Mwanza wote tunalijua. Kwa anayechomelea vyuma, jambo hili ni la usalama: cheche ikiangukia poliesta, kitambaa huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Huyo apewe sare ya drili, yaani kitambaa kizito cha pamba, bila mjadala.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba pamba tunayo. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania hulimwa Kanda ya Ziwa kwa kutegemea mvua, na wilayani Meatu, mkoani Simiyu, wapo wakulima wa pamba hai, isiyotumia dawa wala mbolea za kemikali za viwandani, tangu miaka ya 1990. Hata hivyo, nyuzi nyingi husafirishwa nje zikiwa marobota, kisha tunanunua majora kutoka ng'ambo. Kampuni inayoagiza sare za pamba iliyosokotwa na kufumwa nchini inapunguza safari hiyo na kumpa mkulima soko la karibu.

Lakini si kila pamba ni safi. Iliyolimwa kwa dawa nyingi na kutiwa rangi mbaya ina madhara yake, na poliesta iliyotokana na chupa zilizorejelezwa bado huachia vinyuzi ikifuliwa. Kwa hiyo soma lebo kwa makini. OEKO-TEX Standard 100 inaonyesha kitambaa kimepimwa kemikali zenye madhara. Haisemi pamba ililimwaje. GOTS, lebo ya kimataifa ya nguo za kilimo hai, inadai angalau asilimia 70 ya nyuzi ziwe za kilimo hai, na inakagua hadi upakaji rangi.

Muuzaji asiye na cheti akikuapia kuwa jora lake ni pamba tupu, mwombe kipande kidogo. Chomoa nyuzi chache za urefu na za upana, zishike kwa koleo, uziwashe mbali na vitu vinavyoshika moto. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini yanayopukutika. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu. Ukikuta majivu na kidonge pamoja, huo ni mchanganyiko, na bei yake ijadiliwe kama ya mchanganyiko.