Si kila kichwa cheupe ni kwazi

Maji yalikuwa yamekupwa. Tulikuwa watu tisa na darubini tatu kwenye matope ya mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, mmoja wetu alipoonyesha mkokoni: "Kwazi yule!" Yaani tai mla samaki. Ndege mkubwa, kichwa cheupe, kando ya maji. Nani angebisha? Alibisha mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikunja jarife lake. "Mwanangu," akaniambia, "kwazi gani huyo anatembea kama kuku?"

Kweli, ndege alikuwa ameshuka. Akapiga hatua matopeni, akamdonoa kaa, akamgeuza chali, akamla bila haraka.

Kwazi ana kichwa, kidari na mkia mweupe, lakini tumbo lake lina rangi ya kutu. Huyu alikuwa mweupe hadi tumboni, na mkia wake ulikuwa mweusi wenye ncha nyeupe. Nilipomwangalia kwa darubini nikaona ngozi tupu, nyekundunyekundu, kuzunguka jicho. Hapo nikakata shauri: huyu ni tumbusi mla matunda, Gypohierax angolensis.

Tumbusi anayekula matunda! Nikisema hivyo watu hucheka. Lakini zaidi ya nusu ya chakula cha ndege huyu akishapevuka ni nyama ya matunda ya michikichi na jamaa zake. Kaa, samaki na konokono ni kitoweo tu. Kwenye mizoga haendi sana, na pengine ndiyo salama yake, maana mizoga iliyotiwa sumu imewamaliza tumbusi wengi barani Afrika. Kenya haonekani kwa wingi. Mtafute pwani na kandokando ya Mto Tana.

Yuko mwingine wa kuchanganya, Pandion haliaetus (osprey kwa Kiingereza), mgeni wa msimu wa kaskazi kutoka Ulaya na Asia. Naye ni mweupe chini, ila ana utepe mweusi uliopita jichoni. Huyo ni mvuvi hasa: hujitupa majini miguu mbele, na nyayo zake zina vijiba vikali vya kumshika samaki anayeteleza.

Shida kubwa ni tumbusi kinda. Yeye ni kahawia mwili mzima, na huchukua miaka mitatu au minne kuwa mweupe. Mimi mwenyewe niliwahi kumwandika tai, nikajua kosa langu baadaye nilipoziangalia picha tena.

Kwa hiyo usianze na kichwa. Tazama mkia, tazama uso, tazama anafanya nini, uandike daftarini kabla hujafungua kitabu cha ndege. Andika na saa, mahali, na hali ya maji. Orodha yako unaweza kuiwasilisha kwa Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya.

Kaa alipokwisha, ndege wetu akaruka. Bawa lilipofunguka tukaona weupe mbele, weusi nyuma, na manyoya ya mwisho meupe yaliyochovywa wino ncha. Mzee hakuinua hata kichwa. Maji yalishaanza kujaa.