Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa usanifu huandika mabadiliko kazi ikiwa bado mezani?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mradi mzuri ni ule unaotoka karakana ukiwa sawasawa na mchoro wa kwanza. Badiliko kwangu lilikuwa kosa la kufichwa. Nikibadilisha kipimo katikati ya kazi, nilichora upya mchoro wa mwanzo ili ulingane na kitu kilichokamilika, kisha ule wa zamani nikautupa. Daftari likawa safi, lakini mwalimu hakuona humo hata mara moja nilipofikiri.

Nilikuwa nimelielewa somo kinyume. Katika somo la usanifu la programu ya miaka ya kati ya International Baccalaureate, mfumo wa elimu unaofuatwa na shule za nchi nyingi, kigezo cha kutengeneza suluhisho kina alama 8, na mojawapo ya yanayopimwa humo ni jinsi mwanafunzi anavyotoa sababu za mabadiliko aliyofanya kwenye mchoro na mpango wake. Yaani mabadiliko yanatarajiwa. Mchoro ni ubashiri, na ubashiri hujaribiwa mbao zikianza kukatwa.

Ndugu Wilbur na Orville Wright, waanzilishi wa ndege, walipitia hayo hayo. Glaida yao ya 1902, yaani ndege isiyo na injini, ilianza na mapezi mawili ya mkia yasiyosogea. Mara nyingine ilipoinama iliteleza kuelekea bawa lililoshuka hadi ikagonga mchanga. Orville akapendekeza mkia uweze kusogea. Wilbur akaongeza kwamba uunganishwe na nyaya za kupinda mabawa, rubani asizidiwe na kazi. Pezi likabaki moja, tena linalosogea. Tatizo lilionekana, sababu ikatafutwa, ndipo umbo likabadilika.

Basi kwa nini tusiandike yote mwishoni? Hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Mwaka 1972, kabla Rais Richard Nixon wa Marekani hajaenda Beijing na Moscow, watafiti wa saikolojia Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba watu wakadirie uwezekano wa matokeo mbalimbali ya safari hizo. Baadaye wakawaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Wengi walikumbuka kwamba walikuwa wameyapa uzito mkubwa zaidi mambo waliyoamini yametokea. Jibu lilikuwa limepenya ndani ya kumbukumbu. Ni kama unga uliokwisha kukandwa: huwezi tena kuyatenga maji uliyoongeza mara ya pili. Au alama za chaki za fundi cherehani, ambazo huonyesha alipopunguza na alipoongeza, ila nguo ikifuliwa hubaki mshono peke yake, nao huonekana kana kwamba ulikusudiwa pale tangu mwanzo. Utafiti huo ulihusu utabiri wa kisiasa, si wanafunzi wenye misumeno, kwa hiyo kuuhamishia karakana ni hoja yangu. Lakini naiona ina nguvu.

Sababu yenyewe iweje? “Niliongeza unene ili rafu iwe imara” haitoshi. Afadhali hivi: rafu ya plaiwudi ya milimita 12 ilibonyea katikati nilipoweka vitabu, nikatumia ya milimita 18. Kwa ubao wa aina ile ile na urefu ule ule, uwezo wa kutopinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene (hapa 1.5 × 1.5 × 1.5), hivyo umeongezeka zaidi ya mara 3, ilhali uzito umeongezeka mara 1.5 tu. Gharama yake: skrubu nilizopanga zimekuwa fupi.

Si kila mstari uliofutwa unastahili aya. Kilichogusa kipimo, malighafi, kiungio au mpangilio wa kazi kiandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na picha. Na picha ya rafu iliyobonyea ipigwe vitabu vikiwa bado juu yake, kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa.