Seva ya Pili ya DNS na Tawi Linalokatika Nusunusu

Malalamiko yaliyonifikia kutoka kwenye tawi yalikuwa ya aina inayochosha kuliko zote: "Intaneti ipo, lakini mfumo wa ofisi haufunguki." Wafanyakazi wawili walikaa meza moja, mmoja alifungua faili za makao makuu bila shida, mwingine akaambiwa kwamba seva haijulikani, na baada ya robo saa wakabadilishana bahati. Kosa linalohamahama namna hiyo ni nadra kuwa la kebo.

Hata hivyo nilianzia chini, kwa amri ya ipconfig /all, inayoonyesha mipangilio ya mtandao ya kompyuta ya Windows. Anwani inayoanza na 169.254 ingemaanisha kwamba kompyuta haikupata jibu la DHCP, huduma inayozigawia kompyuta anwani na mipangilio ya mtandao, na habari za DNS, huduma inayogeuza majina ya seva kuwa namba za IP, zingengoja. Anwani ilikuwa sahihi, ruta ya tawi iliitikia ping (amri ya kupima kama kifaa kinafikika), na seva ya makao makuu nayo iliitikia kupitia VPN, njia ya faragha inayounganisha tawi na makao makuu juu ya intaneti, nilipoiita kwa namba yake ya IP. Nilipoiita kwa jina, haikupatikana. Jaribio hili la namba na jina huchukua nusu dakika, nami hushangaa jinsi mafundi wengi wanavyolipita na kwenda kuwasha upya ruta.

Nikageukia nslookup, amri ya kuiuliza DNS moja kwa moja, ambayo hukuruhusu kutaja mwishoni mwa amri seva unayotaka iulizwe. Seva ya ndani ilitoa jibu sahihi. Seva ya pili katika orodha, 8.8.8.8, ambayo ni seva ya umma ya Google, ilijibu kwamba jina hilo halipo.

Aliyepanga mtandao huo aliiweka seva ya umma kama akiba, akidhani kwamba kompyuta ikikosa jina kwenye seva ya kwanza itakwenda kulitafuta kwenye ya pili. Sivyo inavyofanya kazi. Seva ya pili huulizwa pale ya kwanza inapokaa kimya. "Halipo" ni jibu kamili, na likishapokewa utafutaji umekwisha. Windows husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kujaribu seva inayofuata, kwa hiyo VPN ikisuasua kidogo, swali linaangukia kwa seva ya umma, ambayo haijawahi kusikia majina yenu ya ndani na inasema hivyo bila kudanganya. Kila kompyuta hufanya uamuzi huo kwa wakati wake, ndiyo maana majirani wawili wakapata matokeo tofauti.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba seva zote zinazogawiwa na DHCP ziwe na uwezo wa kujibu majina yale yale. Kwenye tawi naweka seva ndogo ya DNS, ambayo maswali ya kikoa cha ndani inayapeleka makao makuu na mengine yote inayatoa moja kwa moja kupitia intaneti ya tawi, ili VPN ikikatika watu waendelee angalau kupata tovuti na barua pepe za nje. Nafasi ya pili naiachia seva ya makao makuu. Kwenye ukuta wa moto (firewall) nafungua mlango wa 53, unaotumiwa na DNS, kwa njia zote mbili za kusafirisha data, UDP na TCP pia. Wengi hufungua UDP pekee, kisha wanashangaa kwa nini majina machache tu yanagoma: jibu lisipotosha kwenye pakiti ya UDP, ambayo kwa kanuni za mwaka 1987 ilikuwa na ukomo wa baiti 512, hukatwa, na kompyuta hulazimika kuuliza upya kwa TCP.

Mabadiliko ya DHCP hayafiki papo hapo, kwani kompyuta hubaki na mipangilio ya zamani hadi ikodishe anwani upya. Nilitumia ipconfig /renew, kisha /flushdns ili kufuta majibu ya "halipo" yaliyokwisha kuhifadhiwa, na tawi likatulia, isipokuwa kompyuta moja ya mhasibu. Hiyo nilipoifungua nilikuta 8.8.8.8 imeandikwa kwa mkono kwenye kadi ya mtandao, mahali ambapo DHCP haina neno.