Antena fupi za HF (masafa ya 3 hadi 30 MHz): dhana potofu kuhusu kuzipima

Dhana: SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio ya omu 50) ikiwa 1:1, antena ni nzuri.

Mzigo bandia wa omu 50 (kizuizi cha kujaribia redio badala ya antena) nao husoma 1:1, na haurushi kitu. Chukua fimbo ya mita 2.5 yenye koili chini, kwenye bendi ya mita 40 (karibu 7 MHz). Ukinzani wake wa mnururisho, ule unaogeuza umeme kuwa mawimbi, ni kama omu 1.4 tu. Ukiiunganisha moja kwa moja, bila transfoma, na mita ikasoma 1:1, basi omu 48 na ushei zinapotea kwenye koili na ardhini. Katika wati 100, zinazotoka ni kama 3.

Tandaza nyaya zaidi za ardhini na jumla ya ukinzani ishuke hadi omu 20: SWR inapanda kufikia 2.5:1, lakini nguvu inayotoka imezidi maradufu. Hapo ndipo wengi huzing'oa nyaya kwa hofu. Ziache, weka transfoma ya kulinganisha kwenye shina la fimbo.

Dhana: Inapokea vizuri, basi inarusha vizuri.

Kwenye 7 MHz kelele nyingi hutoka nje ya redio. Antena inayopoteza desibeli 10 hupunguza sauti na kelele kwa pamoja, kwa hiyo sikio halioni tofauti.

Dhana: Nimepewa S9 (alama ya nguvu ya mawimbi kwenye mita ya redio) kutoka Ulaya, yatosha.

S moja ni desibeli 6 kwa kanuni, ila mita za redio nyingi hazifuati. Tena ionosfea, tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi duniani, yenyewe huyumbisha mawimbi desibeli 10 hadi 20 ndani ya dakika chache, na kwetu karibu na ikweta hali huchafuka zaidi jua likishazama. Ripoti ya leo na ya kesho hazilinganishiki.

Njia ya haki ni dipoli ya nusu wimbi (waya ulionyooka, unaolishwa katikati) kama kipimo (143 gawa kwa MHz, kwa 7.1 ni mita 20.1) na vitumaji viwili, kimoja kwa kila antena, vya WSPR (mfumo wa ishara dhaifu ambao vituo vinavyozisikia huripoti nguvu yake dhidi ya kelele kwa desibeli) vinavyorusha dakika ileile, masafa yakipishana Hz 50 hivi. Pima nguvu kwa watimita moja, mwisho wa kila kebo. Nusu ya muda ikipita, badilishana vitumaji ili kasoro zao zifutane. Kisha, kwa kila kituo kilichozisikia zote mbili katika mzunguko mmoja, toa ripoti ya antena moja kwenye ya nyingine, utumie wastani wa kati (median) wa tofauti hizo. Hesabu pia vituo vilivyosikia moja tu. Ukivitupa, antena dhaifu itaonekana bora kuliko ilivyo.

Tenga matokeo kwa umbali. Dipoli iliyo chini hurusha juu, hivyo hushinda kwenye kilomita 300. Fimbo inaweza kushinda mbali, na hilo ni suala la pembe, si la upotevu.

Dhana: Kebo haihusiki.

Antena fupi hupenda kuutumia uso wa nje wa koaksi (kebo inayounganisha antena na redio) kama nusu yake ya pili. Ukiigusa kebo na SWR ikacheza, ndiyo hiyo. Zungusha koaksi nyembamba ya RG-58 mara 12 kwenye pete ya feraiti FT240-31, karibu na antena. Mawimbi yakidhoofika baada ya hapo, ulikuwa unaipima kebo.

Dhana: Antena mbili zinazolinganishwa ziwekwe pamoja ndipo ziwe sawa.

Huathiriana. Ziachanishe angalau mita 20 kwenye bendi hii, kisha ishushe moja chini: SWR ya nyingine ikibadilika, bado ziko karibu mno.